Tunda la Ardhini

Mwezi wa sita Kikwajuni ni kipupwe,
alfajiri watu wanajitanda kanga mbili,
lakini Bi Raya, ghorofa ya pili,
keshatangaza kwamba leo ni kiangazi.
"Huko," anasema, na kidole chake
kinapita juu ya friji, juu ya kalenda ya benki,
kinaelekea Magdeburg.

Stroberi zimekuja na boti ya jana.
Zilitoka Lushoto sitini,
zimefika Malindi thelathini na mbili.
Nyengine zimelala ubavu, zimetoa machozi
kwenye gazeti la michezo.
Anazipangusa moja moja, kama anayemwosha mtoto uso.
"Kwao zinaitwa tunda la ardhini.
Hazitunguliwi, mwanangu. Unaziinamia."

Mayai manne. Sukari. Siagi ya kopo,
maana ile ya kwenye daftari haipatikani hapa,
na tuseme kweli, hata kule ilipangiwa foleni.
Mimi napiga. Mkono ukichoka nabadilisha mkono.
Yeye haangalii saa, anasikiliza bakuli:
"Bado. Mwiko unaguna.
Ukianza kunong'ona, niite."

Saa nne na robo umeme ukaondoka.
Hakusema kitu. Akatoa seredani rohani mwa baraza,
akaliingiza lile bati la mawimbi ndani ya sufuria,
akafunika, akapalia makaa juu, makaa chini,
kama mkate wa kumimina wa bibi yake.
Jasho likamlowesha ushungi.
"Hiki sasa," akasema, "ndicho kiangazi."

Ilikuwa hivi, au ndivyo anavyohadithia mwaka huu:
msichana wa miaka kumi na tisa, anasomea ukunga,
keki ya kwanza mezani, nyekundu, inang'aa kama kioo cha taa,
na Frau Irmgard, mwenye nyumba, amesimama na kisu.
Wote wakala. Raya akaitazama tu.
Alijua neno moja la kukataa, fupi, gumu,
akalitumia.
Uso wa yule mwanamke ukafungwa kama duka.

Usiku ikaletwa kamusi.
Huu utandu unaong'aa, unatokana na nini?
Ngozi. Mifupa. Ya nani?
Kidole kikashuka ukurasa, kikasimama.
Wakatazamana.
Mmoja akaanza kucheka, hakumbuki nani.

Alfajiri ya kule, ambayo kiangazi huja saa tisa za usiku,
Raya akashuka kutia udhu
akakuta jikoni taa inawaka:
Irmgard na gauni la kulalia,
anakoroga unga wa viazi na maji ya stroberi,
anakoroga taratibu, na pembeni yake
keki mpya, tupu, inasubiri kuvishwa.

Leo utandu ni wa mwani.
Mwani wa Jambiani, nimeuchemsha mwenyewe
mpaka ukawa uji, nikauchuja kwa kitambaa cha tui,
nikautia wekundu wa rozela.
Unaganda kwa madaha. Una harufu kidogo ya pwani.
Nataka kuongeza vanila, ananishika mkono:
"Wacha. Wacha ijue imefika wapi."

Vipande kumi na viwili, majirani ishirini.
Krimu imeshakuwa maziwa.
Bwana Shaame wa chini anauliza kama hii ni halua ya Kizungu,
anakula, haulizi tena.
Upande wa mlangoni umeungua, makaa yalizidi,
na huo ndio anaoutaka Bi Raya,
anautafuna akiwa amesimama, kisu mkononi.

Kisha daftari. Chini ya gramu na vijiko,
kila mwaka mstari mmoja:
*siagi mbovu*, *mvua*, *Irmgard hakujibu barua*,
*Irmgard hakujibu*.
Macho yake siku hizi hayaoni mistari,
kwa hiyo anasoma, naandika mimi:
Stroberi thelathini na mbili.
Umeme, hapana.
Mwani, ndiyo.